Sahani Hamsini za Gires

Mume wangu Abdulwakil ana miaka sitini na mbili, ana kisukari, ana magoti mabovu, na ni mwenyekiti wa timu ya mpira. Kisukari nakipikia, magoti nayakanda. Timu ndiyo iliyonishinda. Inaitwa Wete Wanderers, inacheza Jumapili kwenye viwanja vya Wanstead Flats, na tangu tuhamie Ilford imeshanilia sufuria tatu, mashuka mawili na Jumapili zangu zote.

Ligi yao hailipi pesa. Nani anazo? Wachezaji ni madereva wa vifurushi, walinzi wa maduka, vijana wanaobeba mizigo Heathrow. Wanachezea chakula. Mtu akifunga mabao mawili, jioni hiyo hiyo timu nyingine inampigia simu: "Huko kwenu mnakula nini?" Ndivyo wanavyonunuliwa. Msimu wa juzi timu ya Hounslow ilichoma mbuzi wawili nyuma ya goli letu, upepo unavuma upande wetu, na kipindi cha pili kilipoanza wachezaji wetu wanne walikuwa wameshavaa jezi za Hounslow, midomo inang'aa mafuta. Tulifungwa kumi na moja bila.

Baada ya aibu ile ligi ikaweka ukomo wa mishahara. Timu isizidishe sahani mia kwa msimu mmoja, wachezaji wake wote kwa pamoja. Kipimo ni sahani ya biriani ya nyama. Pilau ni robo tatu. Chapati mbili kwa maharage ni robo. Kiazi cha ndani ya biriani kilijadiliwa saa tatu nzima, kama ni sehemu ya mshahara au ni marupurupu, na kuna watu wawili mpaka leo hawaamkiani. Nilikuwepo, nikiwapashia chai, na nilijua kabisa kuwa nimezungukwa na wendawazimu.

Msimamizi wa ukomo huo ni Bwana Harish wa Queensbury, mhasibu mstaafu, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, ambaye Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha mwanangu Najla. Ana daftari, ana mzani wa jikoni, na hana mzaha. Akija uwanjani hupima sahani moja kwa kubahatisha, akatoa mfupa, akapima tena. Wachezaji wanamwogopa kuliko refa.

Sasa mwisho wa Septemba mama yangu alinipigia simu kutoka Wete. Ana presha ya macho. La kushoto lilizima zamani, na la kulia daktari kamwambia huenda lisifike mwaka mpya. Mama hakulia wala hakulalamika. Alisema, "Mardhiya, njoo nikuone, mwanangu, kabla hakujafunga kiza." Nilikuwa sijamwona miaka tisa. Kwanza ilikuwa kazi, halafu ikawa korona, halafu kazi tena, na aibu ya kukaa muda mrefu bila kwenda nayo humzuia mtu kwenda. Nilikata simu, nikalia jikoni, nikanawa uso, nikakata tiketi ya Alhamisi tarehe 11 Desemba.

Jioni nikamwambia mume wangu. Badala ya kuniuliza mama anaendeleaje, akaniuliza, "Na Gires?"

Gires ni mshambuliaji wetu. Kijana wa Kikongo wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Bukavu, anaishi Barking na mama yake. Mpole, hapandishi sauti, na akipata mpira mguuni mabeki huanza kusali. Mkataba wake ni sahani sitini kwa msimu, mbili kila Jumapili, na kifungu cha saba kinasema biriani iwe "ya mkono wa Bi Mardhiya mwenyewe". Mimi Bi Mardhiya mwenyewe sikuulizwa.

"Ukiondoka Desemba nani atampikia?" Abdulwakil akasema.

"Si nyie mna mikono?"

"Mkataba umetaja mkono wako."

"Basi mkono wangu unakwenda Pemba, na mie nitaufuata."

Abdulwakil aliinuka. Akazunguka meza mara mbili. Halafu uso ukamng'aa, na mimi nikajua tumekwisha, kwa sababu mume wangu alikuwa karani wa mishahara miaka ishirini na nane na akikosa usingizi huangalia mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kuvaa kofia za chuma. Hajui hata sheria zake. Anachopenda ni jinsi timu zile zinavyokwepa ukomo wa mishahara.

Akaleta ndimu kumi na mbili kutoka kwenye kapu langu, akazipanga mezani. Kila ndimu sahani tano.

"Hizi zote ni mshahara wa Gires msimu huu. Sitini. Wachezaji waliobaki wanakula arobaini. Jumla mia, tumejaa, hatuwezi kuongeza hata chapati. Na tunamtaka Balwinder."

Balwinder ni golikipa, Kalasinga wa Hounslow, anataka sahani thelathini za biriani ya mboga, na ligi imeamua mboga ihesabiwe sawa na nyama ili asidhalilike.

"Sasa tazama," akasema, akazivuta ndimu kumi kando. "Hizi tunaziondoa kwenye mshahara, tunaziita zawadi ya kusaini. Sahani hamsini. Gires anazipata zote sasa hivi, taslimu. Lakini kwenye daftari tunazigawa kwa misimu mitano. Kumi msimu huu, kumi ujao, mpaka ziishe. Msimu huu atahesabiwa mshahara wa sahani kumi na zawadi ya sahani kumi. Ishirini badala ya sitini!"

"Lakini sitini zake anakula?"

"Anakula zote."

"Na arobaini zimekwenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi, Abdulwakil? Gires mwenyewe kasema baada ya miaka miwili anakwenda Ubelgiji kwa mjomba wake."

"Tutaweka misimu hewa. Hachezi, lakini yumo kwenye daftari."

"Na akiondoka kabla?"

Hapo akaanza kuzikusanya ndimu. "Akiondoka kabla, zile za mbele zote zinaanguka siku moja kwenye msimu huu. Zinaitwa sahani mfu. Zimeshaliwa, hamna mchezaji, na bado zinahesabiwa. Lakini hataondoka."

Ningekuwa na akili ningekataa. Lakini nilisikia neno moja tu katika maneno yote yale: sasa hivi. Nikipika hamsini zote kabla ya Desemba, zile kumi zilizobaki ni za Machi na kuendelea, na hapo nitakuwa nimesharudi. Nitakuwa huru. Nikasema haya, lete karatasi, nikatia saini mahali palipoandikwa "Mpishi Mdhamini".

Ambacho sikusoma, kwa sababu miwani ilikuwa juu chumbani, ni kwamba mpishi mdhamini huweka amana. Kitu ambacho hawezi kukiacha akakimbia. Siku ya tatu nikafungua droo kutafuta pasi yangu ya kusafiria, sikuiona.

"Iko kwa Harish," Abdulwakil akasema, anaangalia pembeni. "Kwenye bati la biskuti. Akithibitisha kuwa sahani hamsini zimepokelewa, anairudisha siku hiyo hiyo."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu wajukuu watakuja kusoma. Najla alitoka chumbani kwake kusikiliza. "That's literally illegal, Dad," akasema. Baba yake akamjibu kuwa ni kanuni ya kumi na nne.

Basi nikapika. Nilichukua likizo shuleni ninapofanya kazi ya mapokezi, nikakaanga vitunguu mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Sahani tano tano nikazijaza kwenye mabakuli yangu makubwa ya maua ya buluu, yale niliyonunua Darajani mwaka niliolewa, nikafunika kwa taulo safi, nikapanda nayo basi namba 169 mpaka Barking. Bakuli la kwanza nilimkabidhi mama yake Gires mkononi.

Anaitwa Anne. Mwanamke mrefu, mwembamba, anafanya kazi ya kutunza wazee, shifti za usiku, macho yake yana usingizi wa miaka. Flati yao ni ghorofa ya nne na lifti ni mbovu. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Aksanti, Mama Najla. Aksanti sana. Mungu akubariki."

Jumamosi iliyofuata nikapeleka la pili, akanirudishia la kwanza. Limeoshwa, limesuguliwa, linang'aa. Nikafunua kifuniko. Tupu. Hakuna ndimu, hakuna hata kijiko cha sukari.

Jamani, mdomo huponza kichwa. Ningenyamaza tu. Lakini mimi ni mtoto wa Bi Time wa Wete, na tangu nikiwa mdogo nilitumwa kwa jirani kurudisha sahani ikiwa imewekwa kitu ndani, na mama alikuwa akisema chombo cha watu hakirudi kitupu, mtu akirudisha kitupu kalaani mkono uliompa. Nikatabasamu, tabasamu lile letu la kuchomea, nikasema, "Kwetu, Mama Gires, chombo hakirudi kitupu. Hata ndimu mbili tu, basi."

Anne aliinamisha macho. "Nisamehe, Mama Najla," akasema. "Sikujua. Siku ingine hautaona vile."

Na kweli, sikuona tena vile. Bakuli la pili lilirudi limejaa sombe, kisamvu chao kile cha mawese, limejaa mpaka kifuniko kimeelea. La tatu lilirudi na samaki wa kukaushwa kwa nyanya. La nne maharage na ndizi. Bakuli lilipokuwa halitoshi akaanza kuongeza sufuria yake mwenyewe, nyekundu, ya masikio mawili, na sufuria ya mtu nayo ni chombo, siwezi kuirudisha tupu, kwa hiyo nikawa naijaza kachori na mikate ya ufuta. Tulikula. Mume wangu wa kisukari alikula. Najla, ambaye hali wali kwa sababu ya umbo, alikula sombe kwa kijiko akiwa amesimama mbele ya friji.

Na nikaanza kukaa. Mwanzo nilikuwa nakabidhi nikiwa mlangoni, halafu nikawa naingia kwa dakika tano, halafu kwa saa nzima. Anne alikuwa akinitengenezea chai ya maziwa na kunisimulia vikongwe vyake vya kazini, mmoja anaitwa Douglas aliyedhani Anne ni mke wake na kila usiku anamwomba msamaha kwa kosa asilolitaja. Tulicheka. Miaka ishirini na mbili Ilford, nina majirani, nina jamaa wa msikitini, lakini mtu wa kucheka naye mpaka machozi nilikuwa sina.

Jumapili tarehe 16 Novemba mabakuli kumi yalikuwa yametimia. Bwana Harish akaja nyumbani kufunga hesabu. Alivua viatu, akafungua daftari, akanusa.

"Bi Mardhiya, hii harufu ya mawese inatoka wapi?"

"Kwenye friza. Mama yake Gires anatuletea."

Kalamu ikasimama. "Anawaleteeni? Mara ngapi?"

Nikamwambia, kwa majivuno, kila bakuli. Kasoro la kwanza. Bwana Harish akaenda jikoni, akafungua friza, akatoa sombe boksi baada ya boksi, akaweka kwenye mzani wake. Kisha akakaa kwenye kiti cha jikoni na kuvua miwani.

"Kanuni ya tisa," akasema kwa masikitiko. "Chakula kinachotoka nyumba ya mchezaji kuja nyumba ya timu kinapunguzwa kwenye malipo yake. Mlipeleka mabakuli kumi, yamerudi tisa yamejaa. Gires amepokea sahani tano. Zawadi ya kusaini haijalipwa."

"Harish bhai, ile ni adabu! Wewe si mtoto wa Mkunazini? Mama yako alikuwa akirudisha chombo kitupu?"

"Hata siku moja," akasema. "Lakini mama yangu hakuwa na ukomo wa mishahara."

Nikamwuliza pasi yangu. Akasema ipo salama, kaitia kwenye plastiki.

Nifanye nini? Nikapika tena. Mabakuli mawili, nikayapeleka Barking, na safari hii nikamwambia Anne wazi: "Mama Gires, nakuomba usirudishe kitu. Usijisumbue. Lete bakuli tupu."

Akacheka akanipiga begani. "Hapana, Mama Najla. Miye najua sasa. Kwenu mtu anasema usijisumbue, lakini ndani ya roho anangojea."

Na alikuwa amesema kweli! Ndivyo tulivyo. Mzanzibari akikwambia usijisumbue ndipo hasa anapokutazama mkono. Nilikuwa nimemfundisha vizuri kupita kiasi. Mabakuli yakarudi na fumbwa, majani yao ya msituni, na kuku. Wiki iliyofuata nikapeleka matatu, nikaapa kwa Mungu, yakarudi matatu na sufuria nyekundu juu yake. Daftari la Bwana Harish likabaki pale pale, sahani tano. Najla akaniambia, "Mum, just tell her why." Nikamjibu kuwa yeye kazaliwa Ilford, hawezi kuelewa. Ukweli ni kuwa niliona haya. Ningeanzaje? Kwamba pasi yangu iko kwenye bati la biskuti kwa ajili ya kisamvu chake?

Siku zilikuwa zinakwenda. Mama alipiga simu tarehe tatu Desemba. Alisema anaona mlango, lakini haoni nani amesimama mlangoni mpaka amkaribie sana.

Nikampigia Bwana Harish nikilia. Nikamsikia akifunua kurasa.

"Kuna njia moja," akasema. "Chombo kikirudi kitupu baada ya vilivyojaa, upande wowote, mnyororo unakatika. Vyote vya nyuma vinahesabiwa kuwa ni zawadi baina ya kina mama, na sahani hamsini zinasimama. Una chombo chake?"

Nilikuwa nacho. Sufuria nyekundu ilikuwa juu ya jiko langu.

Jumamosi tarehe 6 niliiosha, nikaikausha, nikaifunika. Nilipofika kituo cha basi mikono ilikuwa inataka kurudi dukani kununua japo pakiti ya majani ya chai. Ile sufuria ilikuwa nyepesi mno mapajani. Kila aliyepanda basi niliona kama anajua. Bwana Harish alinikuta chini ya jengo lao, na koti lake la mvua, daftari kwapani na pasi yangu mfukoni, kwa sababu kanuni inataka shahidi. Tukapanda ghorofa nne, yeye akipumzika kila ghorofa.

Anne alifungua mlango akiwa na kanga kiunoni. "Mama Najla! Karibu, ingia, nimeisha tia chai." Akaipokea sufuria kwa mikono miwili, akapiga goti kama siku zote. Ilipomjia mikononi nikaona uso wake unabadilika, maana mkono unajua uzito. Akafunua. Akatazama ndani muda mrefu kuliko inavyohitaji kutazama sufuria tupu.

"Nimekukosea nini?" akauliza.

"Hujanikosea."

"Sasa hii ni nini? Weye mwenyewe ulinifundisha."

Kabla sijafungua mdomo, Bwana Harish, Mungu amsamehe, akakohoa na kufungua daftari. Alikuwa amefurahi, maskini, kwa sababu hesabu yake imekaa sawa. Akasoma kwa sauti: "Nathibitisha leo kuwa zawadi ya kusaini ya mchezaji Gires, sahani hamsini, sehemu ya mshahara wake, imepokelewa yote."

"Mushahara?" Anne akasema. "Mushahara ya nani?"

Gires alikuwa ametokea nyuma ya mama yake, miguu peku, na akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo.

"Gires. Ulisema Mama Najla anatutumia chakula."

"Ndiyo, mama. Anatuma."

"Haukusema ni malipo."

"Mama, ilikuwa mu contrat..."

Anne akanigeukia. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Miye nilikuwa narudi kazini asubuhi," akasema, "nasimama ku jiko nikiwa na usingizi, napondaponda sombe. Najiambia, hapa London nimepata mutu mmoja. Miye nilifikiri ni mapendo."

Nilisimama pale mlangoni mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Nikasema tu la kweli, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa limebaki. Nikamwambia mama yangu macho yanazima. Nikamwambia pasi yangu iko mfukoni mwa huyu mzee, na bila chombo kitupu hainipi. Nikamwambia mwanzo ilikuwa mshahara, na baadaye haikuwa, na mimi mwenyewe sijui ni bakuli gani lililobadilika.

Anne alisikiliza. Sufuria alikuwa ameikumbatia kifuani.

"Mama yangu alikufa Bukavu," akasema. "Miye nilikuwa Croydon, mu foleni ya karatasi ya ukimbizi. Siku nane wakanificha kifo chake." Akamwangalia Bwana Harish. "Baba, mupe huyu mwanamuke pasi yake."

Bwana Harish akanipa. Ilikuwa kweli ndani ya plastiki.

"Na mutoto wangu umutoe mu hicho kitabu. Hatacheza tena. Mutoto wangu haiko mbuzi ya kuuzwa na wali."

"Dada, ukimtoa leo," Bwana Harish akasema haraka, kalamu tayari mkononi, "sahani arobaini za misimu ijayo zinaangukia msimu huu. Zinakuwa sahani mfu. Pamoja na thelathini za Balwinder timu itafika mia na ishirini..."

"Zife," Anne akasema.

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu, kama anavyofunga mtu aliyezoea kufunga milango ya wagonjwa. Bwana Harish alikaa kwenye ngazi akapiga hesabu juu ya goti. Sahani ishirini zimezidi, na kila sahani inayozidi ni pointi moja. Wete Wanderers walikuwa na pointi kumi na nne. Sasa wana hasi sita.

Abdulwakil alipopata habari alikaa na ndimu zake mezani mpaka alasiri. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa na maneno tayari. Lakini aliniambia tu, "Nilikosea kuichukua pasi yako, Mardhiya," na hilo katika miaka thelathini na moja ya ndoa nimelisikia, neno nilikosea, mara mbili. Alhamisi akanibebea masanduku mpaka Heathrow kwenye treni ya Elizabeth line, magoti yake mabovu yote. Nilimpigia Anne mara nne. Hakupokea.

Wete nilifika Ijumaa jioni, jua halijazama. Mama alikuwa amekaa barazani na amevaa kanga mpya, wifi yangu alinambia aliivaa tangu asubuhi. Nikapiga magoti mbele yake, karibu sana, nikasema shikamoo. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga, kulia, kushoto, kama anayechagua papai. Jicho lake la kulia lilikuwa na ukungu, likitafuta, likitafuta, halafu likatulia juu yangu.

"Mbona umenenepa?" akasema.

Nikaangua kilio. Kaniona. Wallahi, kaniona. Nilimlilia mapajani kama mtoto, na yeye anacheka huku ananibonyeza mashavu, na wifi yangu naye analia bila kujua analilia nini.

"Nakuuliza," mama akasema. "Huko Ulaya watu wanarudi wamekonda. Wewe nani alikuwa akikulisha?"

Nikafuta uso kwa ncha ya kanga yake. Nilimfikiria Anne amesimama jikoni asubuhi na sare za kazi, macho yanafumba.

"Shoga yangu," nikamwambia.

"Ana jina?"

"Anaitwa Anne."

"Mpigie simu," mama akasema. "Nataka kumshukuru."

Nikatoa simu. Iliita muda mrefu, mama ameninyooshea mkono kuidai, na mimi nikamwomba Mungu Anne apokee.